Acheni kumwagia kila nyasi mbolea

Juzi nimeposti video ya kipande cha nyasi pori pale Mama Ngina, karibu na mibuyu. Komenti ya kwanza: "Si wamwage DAP hapo papendeze." Na watu kibao wakamuunga mkono.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Manake huu ndo ujinga wetu wa mjini: tukiona kijani tunadhani tumeona uhai.

Sikizeni. DAP imejaa fosforasi. Kwenye mahindi sawa, huko unataka mmea mmoja tu ukue. Nyasi za asili ni mambo mengine. Udongo ukiwa na fosforasi kidogo, hakuna mmea wa kujifanya bosi. Huu unasaidiwa na kuvu kwenye mizizi, ule unakua polepole kwa kubana matumizi, na yote inaishi kwa kubanana. Mwaga mbolea uone: miwili mitatu yenye pupa inarefuka, inaziba jua, mingine kwisha. Tena fosforasi haipotei upesi kama naitrojeni. Inashikana na udongo, inakaa miaka na miaka.

Hii si stori ya maskani. Rothamsted, Uingereza, wamepima shamba moja la nyasi tangu 1856. Vipande visivyotiwa kitu vina aina zaidi ya 30 za mimea. Vingine vilivyoshindiliwa mbolea vimebaki na aina za kuhesabu kwa vidole.

Najua mjuaji mmoja ataleta mavi ya ng'ombe. Mbona kwa wafugaji yamesaidia? Kweli, yamesaidia. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa maboma ya kale kule Narok, mengine yana zaidi ya miaka 3,000, na mpaka leo udongo wake una fosforasi kuliko wa jirani. Nyasi tamu, wanyama pori wanazifuata. Lakini yale ni madoa, bro! Doa hapa, doa kule, katikati nyika yenye udongo wake wa kawaida, kila sehemu na mimea yake. Wafugaji mnaowatukana kila siku hawakupaka nchi nzima rangi moja. Wewe ndo unataka kupaka.

Pale Mama Ngina mbolea haihitajiki. Zikateni nyasi baada ya mvua, mzitoe, basi.

Na wewe wa DAP, njoo Jumapili asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Tuhesabu aina za majani pale, halafu twende kwenu tuhesabu kwenye hilo zulia lako.