Mazungumzo ya Juma: Sungura wa Jirani

Katika hadithi za wazee wetu, sungura ndiye mjanja aliyemshinda simba na kumhadaa fisi. Lakini sungura afungwaye kizimbani hana ujanja wo wote. Hawezi kujitafutia nyasi wala maji, na njaa yake haina sauti: mbuzi hulia, mbwa hubweka, bali sungura hunyamaza hata afe.

Jambo hili laweza kutokea katika mtaa wo wote wa Nakuru, tangu Bondeni mpaka Langa Langa. Mtoto huomba anunuliwe sungura, baba hukubali. Kisha mtoto huenda shule ya bweni, na mnyama husahauliwa nyuma ya nyumba. Jirani apitaye kila asubuhi kwenda kazini huona kopo kavu na mavi yaliyorundikana, naye hujiuliza: Je, yanihusu?

Yakuhusu, ndugu msomaji. Kwanza, yafaa kuzijua dalili. Sungura aliyeshinda na kulala bila kula yu hatarini, maana matumbo yake hayana budi kufanya kazi daima. Meno yake hukua maisha yake yote, na asipotafuna nyasi huweza kurefuka hata ashindwe kula. Magaga masikioni huwa dalili ya ukurutu. Tena Nakuru iko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku humdhuru alalaye penye majimaji, na jua la mchana huweza kumwua aliyefungwa pasipo kivuli.

Pili, ni jinsi ya kusema. Usimwaibishe mwenzako mbele ya watu, wala usimtwae mnyama wake kwa siri, maana huo ni wizi. Piga hodi jioni, amkianeni, ulizia habari za mtoto shuleni, kisha sema: "Ndugu yangu, nimemwona sungura wa kijana, naona amekonda. Kwangu nyasi ni nyingi, waniruhusu nimletee?" Mtu asiyekubali kulaumiwa huweza kukubali kusaidiwa. Pengine hakujua, pengine kazi ya zamu imemlemea, pengine angependa kumpa mtu mwingine, ila aliona haya. Akikuruhusu, peleka maji safi na nyasi safi. Usipeleke majani ya viazi vya kizungu wala ya mparachichi, kwa kuwa ni sumu kwake.

Akikataa, na mnyama azidi kudhoofika, mweleze mzee wa mtaa, kisha Bwana Mifugo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, yahesabu kuwa ni kosa kumnyima mnyama wako chakula na maji. Chama cha kuwalinda wanyama, KSPCA, chenye makao yake Nairobi, hupokea habari za namna hiyo. Lakini sheria na iwe mlango wa mwisho, maana jirani huyo utaishi naye miaka mingi.

Wako watakaosema kwamba sungura mmoja si kitu. Wakumbuke kwamba watoto wa mtaa mzima hukiona kizimba kile. Wakizoea kuona kiumbe hai akitupwa baada ya kuchosha, watajifunza hivyo hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.