Hiyo "Core i7" ya mtumba ni stika tu

Hivi jamani, ni nani aliyetudanganya kwamba laptopu ikiwa na stika ya "Core i7" na RAM ya GB 8 basi mambo yote yamekwisha?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Temeke, kuanzia Tandika mpaka Mbagala, kila ninayemjua aliyenunua kompyuta ya mtumba aliimbiwa wimbo huo huo na winga: "Bosi wangu, hii i7, RAM nane, video zote za HD zinapiga bila kukwama." Analipa. Akifika nyumbani anafungua video ya 1080p, picha inakatakata, sauti inatangulia midomo, feni inaunguruma kama bajaji inayopanda mlima. Akirudi dukani anashauriwa aongeze RAM. Analipa tena, na picha inaendelea kukatakata. Jirani yangu mwenye kibanda umiza yamemkuta hayo, na hela yenyewe ilikuwa ya mtaji.

Mimi nauita wizi wa mchana kweupe. Na unafanikiwa kwa sababu sisi wenyewe, tena na digrii zetu, hatujui tunanunua nini.

Twende polepole. Picha moja ya 1080p ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2, na video inapitisha picha kama hizo 25 au 30 kila sekunde. Mzigo huo haubebeki ulivyo, si kwa flashi wala kwa bando, ndiyo maana video hubanwa kwanza, halafu kompyuta yako huifumua wakati unatazama. Kazi ya kufumua inaweza kufanywa na prosesa kwa jasho jingi, au na sehemu maalumu ndani ya chipu ya picha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Sehemu hiyo ikiwepo video inateleza, betri inadumu, feni inanyamaza. RAM ikishatosha, hata ukiirundika haifumui video.

Sasa utamu uko hapa. Sehemu hiyo inaelewa mibano iliyofundishwa kiwandani tu, huwezi kuiongezea mingine kwa fundi. Mbano wa H.264 ulitoka 2003. HEVC na VP9 zikaja 2013, AV1 ikafuata 2018, na YouTube leo inatumia sana VP9 na AV1. Kwa laptopu za Intel, kizazi cha 2 cha mwaka 2011 kinaimudu H.264. HEVC ya kawaida ilikuja na kizazi cha 6 mwaka 2015, VP9 na HEVC ya biti 10 zikakaa sawasawa kwenye kizazi cha 7, na AV1 ikasubiri kizazi cha 11 mwaka 2020.

Kwa hiyo i7-2620M na i7-1165G7 zote ni "i7", lakini ya kwanza ni ya 2011 na ya pili ni ya 2020. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: 2 kwa ile, 11 kwa hii. Kwenye video ya AV1, hata prosesa ya bei nafuu kama Intel N100 ya mwaka 2023 itamwaibisha huyo mzee wa 2011.

Na kioo je? Laptopu nyingi za zamani zina kioo cha 1366 kwa 768, karibu nusu ya nukta za 1080p. Hata video ikiteleza, hiyo 1080p uliyoahidiwa huioni!

Kuna watakaosema, "Kwa bei hiyo ulitegemea nini?" Mimi sina ugomvi na mitumba. Hata i5 ya kizazi cha 8 ni mtumba, na kwa video itaiacha mbali i7 ya kizazi cha 2. Ugomvi wangu ni kuficha umri wa mashine nyuma ya stika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, basi wenye maduka waandike namba kamili ya prosesa kwenye kila mashine kama wanavyoandika bei. Kuna ugumu gani?

Wakati tunasubiri, mnunuzi ajilinde. Nenda na flashi yako yenye video za 1080p, moja ya H.264 na nyingine ya HEVC. Zicheze dakika 5 kila moja kabla hujatoa hata mia, huku ukisikiliza feni. Soma namba ya prosesa kwenye mipangilio ya Windows, achana na stika. Winga akikataa mashine isijaribiwe, beba flashi yako uondoke. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Naomba kuwasilisha.