Hatulipii Povu

Wasee, leo naongea kuhusu povu. Kama hujafika 18, soma tu kama hesabu.

Baada ya kumaliza shule nilipata kibarua cha kupima keg kwa baa moja ndogo. Nilikuwa na miaka 19. Siku ya kwanza mdosi alinifunza kitu moja: fungua mfereji nusu, shika kikombe wima, acha povu ipande. Hesabu yake ilikuwa hivi. Pipa ni lita 50, yaani vikombe 100 vya nusu lita. Ukiweka pombe robo tatu na juu povu, unauza vikombe 133. Hivyo 33 ni hewa. Na nilimimina, sitawadanganya.

Sasa, anayelipia hiyo hewa ni nani? Si mtu wa chupa. Ni kuli aliyeshinda akipakia magunia ya mahindi, ni mama aliyetoka kupalilia shamba la wenyewe. Senator Keg ilianza 2004, serikali ikaipunguzia ushuru ndio mtu wa mfuko mdogo aachane na pombe za sumu zilizokuwa zinaua na kupofusha watu. 2013 ushuru ukarudishwa kiasi, bei ikapanda, wengi wakarudi kwa chang'aa. Ukimpunguzia mtu robo kikombe, wewe pia umepandisha bei, ni vile tu hukupita Bunge.

Mzee mmoja alikuwa anaweka kikombe kwa kaunta na kungoja povu ishuke. Haongei. Siku moja akaniambia, "Kijana, mimi nimelipa pombe, sijalipa sabuni." Niliskia vibaya hadi leo.

Na kumimina poa si ngumu. Kikombe kiwe safi, kisuuzwe na maji baridi. Mafuta au sabuni ikibaki, pombe inaharibika sura. Kiinamishe, fungua mfereji wote mara moja, usiuzamishe ndani ya pombe, halafu ukielekea kujaa kisimamishe. Povu ya vidole viwili inatosha. Hiyo ndogo naitetea, inashika harufu, na gesi inatokea kwa kikombe badala ya kukujaza tumbo. Pipa likitoka kwa pikapu limetikisika na lina joto, liache litulie lipoe kwanza. Mipira nayo ioshwe kila wiki mbili. Ukiskia keg inachachuka kama maziwa, mara nyingi ni mipira, si kiwanda.

Busaa ya guka zetu haikuwa na hii shida. Chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake, nani atakuficha kitu?

Juzi nikaagiza kikombe hapa Kachibora. Kikaja robo povu. Nikakirudisha kaunta, nikasema, "Dada, niongezee." Akaniangalia kama mimi ni wa kodi, akaongeza. Buda wa meza ya nyuma akainuka na kikombe chake pia.