Rekodi ya Mwendo Kasi na Barabara ya Makwale

Aprili katika Wilaya ya Kyela ni mwezi wa maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa imejaa, na mashamba ya mpunga huonekana kana kwamba Ziwa Nyasa limesogea karibu. Katika mwezi kama huo nilikaa kwenye baraza ya duka moja Makwale, nikisubiri mvua ipungue. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejibanza pale pale, wakitazama katika simu video ya gari refu lenye injini ya ndege ya kivita, likikimbia juu ya uwanda mkavu huku likiacha vumbi kama moshi wa moto wa nyika. Mzee mmoja aliinama kutazama, akauliza: "Sasa hilo likija kwetu, litapita wapi?" Wakacheka. Kisha kijana mmoja akanigeukia: "Mwalimu, ni haki kweli fedha zote hizo kutumika kwa jambo kama hili?"

Siku ile nilijibu kwa haraka, na jibu la haraka halikuniridhisha. Swali lile linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu linahusu jambo kubwa kuliko gari lenyewe: ni kasi ya nani inayostahili fedha ya umma?

Tuanze na ukweli wa jambo. Rekodi ya dunia ya mwendo kasi ya nchi kavu iliwekwa tarehe 15 Oktoba 1997 katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, Marekani. Gari liliitwa Thrust SSC, na dereva wake alikuwa Andy Green, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza. Lilikwenda kwa wastani wa kilomita 1,228 kwa saa, likawa gari la kwanza kuweka rekodi kwa kasi inayozidi ile ya sauti. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Kanuni zake zina sharti moja ambalo nitalirudia mwishoni: kukimbia mara moja hakutoshi. Gari lazima lipite katika umbali uliopimwa, ligeuke, lirudi kwa upande wa pili ndani ya saa moja, na wastani wa safari hizo mbili ndio unaohesabiwa.

Wanaotetea majaribio haya wana hoja tatu, na ni haki zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba yanazalisha maarifa: namna hewa inavyotenda juu ya chombo kinachokimbia karibu na ardhi, namna magurudumu yanavyostahimili mzunguko wa kutisha. Ya pili ni kwamba yanawavutia vijana kwenye sayansi na uhandisi. Ya tatu ni kwamba fedha ni za wenyewe, na mtu huru hutumia chake apendavyo.

Hoja ya tatu naikubali bila kinyongo. Thrust SSC ilitegemea wafadhili binafsi na wapenzi wa kawaida. Ilipohitajika fedha ya mafuta ya ndege ya kulisafirisha gari hadi Marekani, watu walichangishana kupitia intaneti, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa. Anayependa ndiye aliyelipa. Hapo sisi wengine hatuna la kusema zaidi ya kuwapongeza.

Ugumu huanza pale hazina ya umma inapoingia. Mwaka 2008 ulizinduliwa nchini Uingereza mradi wa Bloodhound, uliolenga kufikisha gari maili 1,000 kwa saa, yaani takriban kilomita 1,609. Serikali ya nchi hiyo iliusaidia kwa injini za ndege ya kivita, na mradi nao ukabeba jukumu la kuwahamasisha wanafunzi wasome uhandisi. Uwanja uliochaguliwa upo barani mwetu: Hakskeenpan, ziwa lililokauka katika jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. Uwanda ule ulikuwa umejaa mawe, na kwa gari la aina hiyo jiwe dogo tu ni hatari ya kifo. Serikali ya jimbo ikagharamia kazi ya kuusafisha. Zaidi ya watu 300 wa jamii ya Mier, eneo kavu na maskini, waliokota mawe kwa mikono yao, wakaondoa zaidi ya tani 16,000.

Nini kilifuata? Mwaka 2018 kampuni ya mradi iliishiwa, ikahitaji pauni milioni 25 ili iendelee, ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Mfanyabiashara mmoja aliinunua, na mwezi Novemba 2019 gari likafikia kilomita 1,010 kwa saa katika majaribio pale Hakskeenpan. Ni mafanikio ya kihandisi, lakini si rekodi. Baada ya hapo fedha zilikwama tena, na gari likaishia kuwa kivutio katika jumba la makumbusho mjini Coventry.

Sisemi haya ili kuwadhihaki wahandisi wale. Kushindwa ni sehemu ya sayansi, na anayeogopa kushindwa hatabuni kitu. Ninalouliza ni hili: nani alibeba hasara? Mnunuzi alibeba yake kwa hiari. Wanafunzi waliopata masomo ya uhandisi walipata faida ya kweli, na ni haki ikubaliwe. Lakini fedha ya jimbo ilinunua uwanda usio na mawe, na uwanda usio na mawe si kisima, si zahanati, wala si barabara ya kupeleka kondoo mnadani. Watu wa Mier walipata ujira wa muda. Thamani ya jasho lao ilitegemea gari ambalo hawakuwa na sauti juu ya kuja kwake wala juu ya kutorudi kwake. Na hii haikuwa mara ya kwanza katika jimbo lile. Mwaka 1929 Malcolm Campbell alikwenda Verneukpan, uwanda mwingine wa huko, kuitafuta rekodi ya maili moja. Uwanda ukasafishwa, rekodi ikamponyoka, naye akaondoka.

Msomaji atauliza hayo yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki, tusio na gari la namna hiyo. Yanatuhusu, kwa kuwa nasi tunayo mapenzi yetu ya mwendo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tofauti yake na rekodi ya jangwani ni kubwa: magari yalipita katika barabara zile zile za wananchi, katika tope lile lile. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi aliendesha Peugeot 404. Mkulima na mwenye teksi walijifunza kutokana na mbio zile ni gari gani linastahimili njia zetu. Hapo kulikuwa na maarifa yaliyobaki nyumbani.

Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Serikali ya Kenya ilibeba mzigo mkubwa wa gharama. Watetezi hutaja utalii na sifa ya taifa. Wakosoaji hutaja hospitali na shule. Sitawaamulia majirani zetu. Nasema tu kwamba hoja ya sifa ya taifa ni hoja inayoteleza, kwa sababu sifa haina mizani, na kisicho na mizani hakikaguliwi.

Nikirudi kwetu Tanzania, napata mfano ulio bora zaidi. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma Agosti 2024, imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Ni kasi ndogo sana mbele ya Thrust SSC. Lakini ni kasi inayokatiwa tiketi: mama mwenye mtoto mgongoni huipanda, na kesho yake huipanda tena mwingine. Mradi ule una maswali yake ya madeni na gharama, nayo yaulizwe. Hata hivyo, hakuna atakayeuliza ni ya nani kasi ile.

Kwa hiyo napendekeza vipimo viwili kabla fedha ya umma haijatolewa kwa jambo lolote la mwendo na fahari. Kwanza, siku ya tukio ikipita, nini kitabaki kikitumiwa na watu wa mahali pale? Pili, mradi ukianguka, hasara itamwangukia nani? Jambo likishinda vipimo hivi, lifadhiliwe hata likiwa na ndoto kubwa, kwani si kweli kwamba maskini hapaswi kuota. Kijana wa Kyela anayetaka kuwa mhandisi anastahili maabara yenye vifaa shuleni kwake, na nafasi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Hiyo nayo ni hamasa, na hubaki hata kamera zikiondoka.

Sasa nirudi barazani Makwale. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, yenye urefu wa kilomita 39, imewekwa lami, na faida yake inaonekana kwa macho. Lakini gunia la mpunga na mfuko wa kakao havianzi safari kwenye lami. Vinaanza shambani, kwenye njia ambayo kalavati lake likizolewa na maji, bodaboda hulazimika kusukumwa. Mwendo wa mkulima haupimwi pale gari linapokimbia sana. Hupimwa pale linapokwama. Ukilala njiani usiku mmoja kwa ajili ya mita 200 za tope, lami yote ya mbele haikurudishii usiku ule, wala bei aliyokuwa nayo mnunuzi jana.

Tangu mwaka wa fedha 2021/22, kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Maana yake ni kwamba kijana yule wa bodaboda anachangia barabara kila anapojaza tangi. Naye, kama walivyokuwa wapenzi wa Thrust SSC, ni mfadhili wa mwendo; tofauti ni kwamba yeye hakuulizwa. Basi ana haki ya kujua fedha yake imejenga kalavati gani, na lini. Watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa, bandikeni taarifa hizo katika mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili kinachosomeka. Wanafunzi na wanaharakati, hudhurini mikutano mikuu ya vijiji na mziulize.

Nilisema nitalirudia sharti la rekodi. Mwendo wa kwenda peke yake hauhesabiwi. Lazima gari lirudi. Naliona kuwa sharti la busara, na ningependa tulitumie kupimia barabara zetu. Mama mjamzito anayetoka Makwale usiku wa masika kwenda hospitali, je, atafika? Na akishajifungua, atarudi nyumbani na mwanawe kwa njia ile ile? Barabara isiyoweza kumpeleka na kumrudisha haijakamilika, hata kama ilizinduliwa kwa utepe na hotuba.

Kijana wangu wa barazani, hilo ndilo jibu langu. Wenye fedha zao na waendelee kuifuata rekodi. Nikipata nafasi nitawatazama kwa furaha pamoja nawe. Lakini shilingi yako ya mafuta ianzie kwenye kalavati.