Njia ya Australia haitufai sote

Kusasisha viwianishi vya ramani kadiri ardhi inavyosogea naunga mkono, ila mfano wa Australia usigeuzwe dawa ya kila nchi. Bara lile husogea lote kwa pamoja, kama sentimita 7 kwa mwaka; walipotoka mfumo wao wa viwianishi GDA94 kwenda GDA2020 wakahamisha kila nukta takriban mita 1.8, basi. New Zealand, kinyume chake, imekalia mpaka wa mabamba mawili ya dunia, kila upande na mwendo wake! Ndiyo maana mfumo wao, NZGD2000, unarejea tarehe 1 Januari 2000 na kutumia modeli ya mjongeo wa ardhi. Tetemeko la Kaikōura la Novemba 2016 liliposukuma ardhi mita kadhaa, modeli ilirekebishwa. Naiona njia bora: mwenye shamba habadilishiwi namba za viwianishi kila mwaka, na mpima ardhi bado anaviamini vipimo vya satelaiti.