Adui mwombee njaa... sisi tunajiombea wenyewe!

Wadau, niko Tanga, mji wa waja leo waondoka leo.

Juzi nilikuwa kafe moja hapa Ngamiani nasubiri mashine. Dada aliyekaa mbele yangu (jina kapuni) alikuwa amefungua kurasa kama sita hivi, zote habari moja: jinsi ya kupunguza tumbo kwa siku saba. Mara akageuka akaniuliza, "Kaka'angu, hivi ni macho yangu au hiki kioo kinacheza?" Kioo hakichezi. Kumbe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake mchana, maji ya ndimu tu. Saa mbili usiku napita zangu kurudi home, namkuta kwenye kibanda cha chipsi. Zege la mayai mawili, mishikaki minne, na soda baridi. Kuniona tu, akainamisha uso.

Sikumcheka, wadau. Mi mwenyewe nilishafanya hivyo hivyo wiki tano mfululizo: asubuhi sili, mchana sili, usiku nakula kama nimetoka jela. Nikapungua kilo tatu, zikarudi nne. Kilo si kama wageni wa Tanga bwana. Zenyewe zikija, haziondoki leo!

Sasa leo nataka tuongee kitu ambacho kwenye kampeni zote za afya sijasikia mtu akikigusa vizuri. Kila mtu anaongelea kitambi. Nani anaongelea NJAA?

KWA NINI NI HABARI YA TAIFA

Kuna watakaosema huu ni mjadala wa watoto wa kishua, wengine hata hicho chakula hawana. Subiri kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Na utafiti huo huo wa 2015-16 ukakuta watoto 34 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi moja, mwaka mmoja, mara nyingine nyumba moja: mama uzito umezidi, mtoto kadumaa. Manake tatizo si shibe. Tatizo ni aina ya chakula kinachojaza tumbo kwa bei ambayo mtu anaimudu.

Serikali ililiona. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wazo zuri, silipingi. Ila mwezi una siku 30, na njaa inakuja zaidi ya mara tatu kwa siku. Ukishakimbia Jumamosi asubuhi ukarudi nyumbani na ubao, nani anakwambia ufanyeje?

NJAA SI UDHAIFU WA MOYO

Hapa ndipo tunapoonea watu. Mtu mnene akishindwa kujizuia tunasema "huyu mlafi tu, hana msimamo." Tuangalie sayansi inasemaje.

Mwaka 1944 hadi 1945 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa miezi sita. Walikuwa wanapata kama kalori 1,600 kwa siku. Angalia vizuri, hiyo si kufa njaa kabisa, dayati nyingi za mtandaoni zinakupa chini ya hapo! Matokeo yake? Vijana walianza kuota chakula usiku. Wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wakali, wanyonge, wanalamba sahani. Na waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mpaka tumbo likajaa na bado wakasema wana njaa. Hawa hawakuwa wanene, kwa hiyo si sawasawa na mimi na wewe. Ila ujumbe umefika: mwili ukinyimwa, unateka akili.

Baadaye wataalamu wakajua njia zake. Mwaka 1994 huko New York iligunduliwa homoni inaitwa leptini. Inatolewa na mafuta ya mwili, kazi yake ni kuuambia ubongo "akiba ipo, tulia." Mwaka 1999 Wajapani wakagundua nyingine, ghrelini, inayotoka zaidi kwenye tumbo, yenyewe inapiga kelele "leta chakula!" Ukipungua mwili, ile ya kutuliza inashuka, ile ya kelele inapanda.

Sasa kali kuliko zote. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa Australia. Watu 50 wenye uzito uliozidi waliwekwa kwenye dayati kali wiki 10. Wakapungua wastani wa kilo 13 na ushee. Mwaka mmoja baadaye wakapimwa tena: homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi kama mwanzo, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima, jamani!

Kwa hiyo yule dada wa kafe hakushindwa kwa sababu hana msimamo. Alipigana na mwili wake saa 30 bila silaha, akapigwa. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Walijua njaa ni silaha. Sasa we unajiombea mwenyewe?

TANGA YETU ILIVYOKAA

Hebu tuangalie mji wetu sasa. Tanga tulijulikana kwa baiskeli. Mzee anatoka Makorora na baiskeli yake, mama anaenda sokoni na baiskeli, fundi, mwalimu, mpaka bibi harusi na upatu wake nyuma. Halafu bodaboda zikaingia, na leo mtu anapanda pikipiki kutoka Chumbageni mpaka stendi, mwendo ambao babu yake angeona aibu hata kuuita safari.

Jioni sasa. Kila kona mafuta yanachemka. Chipsi, bagia, kachori, sambusa, mihogo ya kukaanga. Asubuhi maandazi na chai ya sukari vijiko vitatu. Hivi ndo vya bei rahisi, na ndo vya haraka. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kiazi kikishazama kwenye karai, si kiazi tena.

Na kuna kitu kingine ambacho wageni hawakielewi. Hapa kwetu ukinenepa unaambiwa "umenawiri, mambo yamekunyookea." Ukipungua unaulizwa "vipi, unaumwa?" Miaka ya tisini na mwanzoni mwa 2000, UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, kukonda ilikuwa kama hukumu. Watu walikuwa wanaongea pembeni. Mama zetu waliyaona hayo kwa macho. Sasa binti akisema anajikondesha, mama anaongeza ukoko kwenye sahani kwa kumwonea huruma. Si ubaya, ni woga. Kabla ya kubishana naye, mwelewe kwanza.

KIPI KINASHIBISHA?

Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Sydney walifanya jaribio zuri sana. Waliwapa watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kalori 240 sawasawa, halafu wakawauliza kila dakika 15 kwa saa mbili: njaa vipi? Mkate mweupe wakaupa alama 100 uwe kipimo. Cheki matokeo:

Viazi vya kuchemsha: 323
Samaki: 225
Machungwa: 202
Maharage: 168
Wali mweupe: 138
Chipsi: 116
Donati (ndugu yake andazi): 68
Keki: 65

Umeona? Kiazi kile kile kikichemshwa kinaongoza vyote, kikikaangwa kinaanguka mpaka karibu na mkate. Lilikuwa jaribio dogo, la saa mbili tu, na hakuna aliyepima bada wala kisamvu. Lakini linafanana na kinachojulikana: kinachoshibisha ni chenye protini, chenye maji mengi na kambakamba, na kinachotaka kutafunwa.

Na sisi Tanga vyote tunavyo! Samaki wanashushwa Deep Sea kila siku. Machungwa ya Muheza msimu wake yanamwagwa barabarani. Mbaazi, kunde, choroko, maharage. Mchicha, matembele, mchunga. Shida ni tunavyovila. Chungwa tunalimenya, tunakata juu, tunafyonza maji, tunatupa makapi. Wadau, yale makapi ndo yanayoshibisha! Lile la kulila lote na nyama zake ndo tunamwachia mbuzi.

Mi nilichofanya baada ya zile wiki tano za wazimu ni hivi. Asubuhi nakula, tena kitu kizito: mbaazi au yai la kuchemsha na kiazi, chai sukari kidogo. Mchana sahani nusu mboga, robo samaki au maharage, robo wali au bada. Sikuacha wali, mtu wa pwani akiacha wali atadumu wiki mbili. Nimepunguza tui, siyo nimelifuta. Soda nimeacha. Soda za kola kawaida zina gramu 10 au 11 za sukari kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ni kama vijiko vya chai 9, na ukimaliza njaa iko pale pale. Nalala mapema, maana kukesha kunaongeza njaa. Nimepungua taratibu, kilo moja kwa mwezi au pungufu. Sio ya siku saba. Ila sioti chipsi usiku.

MBONA TUNAWEZA KUFUNGA?

Kuna atakayesema, mbona Ramadhani tunashinda njaa mwezi mzima? Swali zuri. Ukifunga unajua njaa ina saa yake ya kuisha, una nia, na nyumba nzima na mtaa mzima mko pamoja. Njaa ya dayati haina adhana. Unaikabili peke yako huku wenzio wanakula mbele yako. Na hata Ramadhani yenyewe tuambizane ukweli: uji wa sukari, tambi, kaimati, mihogo ya nazi, sambusa... wangapi wanamaliza mwezi wakiwa wameongezeka? Funzo la mfungo ni kwamba mtu akiwa na ratiba na wenzake njaa inavumilika.

NJIA ZA MKATO

Sasa kwenye hatari yenyewe. Palipo na njaa ya kukondeana, patakuwa na biashara. Vidonge visivyo na jina, majani ya chai ya "kuyeyusha mafuta", unatumiwa kwa bodaboda. Kuna dawa inaitwa sibutramini. Ilikuwa inakata hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Tangu hapo imekutwa mara nyingi, nchi mbalimbali, imechanganywa kwa siri kwenye dawa zinazoitwa za asili. Kwa hiyo ukiona chai inakukata njaa siku ya kwanza na moyo unakwenda mbio, jiulize umekunywa nini.

Halafu sindano. Ozempic ilipitishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari, na dawa ile ile kwa jina la Wegovy ikapitishwa 2021 kwa ajili ya unene. Zinafanya kazi kweli, maana zinanyamazisha njaa: kwenye utafiti wa 2021 watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Lakini waliofuatiliwa baada ya kuacha, ndani ya mwaka walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Njaa ilikuwa inawasubiri mlangoni. Na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama Uingereza zimepenya, we unayenunua kwa mtu wa kwenye simu unajiamini nini? Dawa hizo ni za daktari.

Moja la mwisho, muhimu. Kama njaa haiishi hata ukila vizuri, na una kiu kali, unakojoa mara kwa mara, unakonda bila kutaka, hiyo si dayati. Inaweza kuwa kisukari, au tezi ya shingoni. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu. Nenda kapime.

Kwa wakubwa wetu: Jumamosi ya mazoezi iendelee, lakini mkimwambia mama lishe apunguze mafuta, mwambieni pia atauza nini kijana mwenye hela ya chipsi akishibe. Kiazi cha kuchemsha na samaki kikiwa bei moja na chipsi pale stendi, mambo mengi yatajirekebisha bila semina.

Na wewe dada wa kafe, kama unasoma hapa, usione aibu. Ile zege haikuwa dhambi. Kesho kunywa chai, kula.

Haya wadau, nawasilisha. Nyie njaa mnaidhibitije huko mliko, Pangani, Muheza, Mombasa? Tiririkeni kwenye maoni, ila matusi na matangazo ya vidonge nafuta!