Programu ya kupima bei ya hisa: iulize swali hili kabla ya kutoa pesa za mbolea

Leo tuwaache viwavijeshi kidogo, tuzungumzie pesa.

Vyama kadhaa vimeniuliza jambo moja. Kuna programu za simu zinazosoma taarifa za fedha za kampuni zilizo kwenye soko la hisa, kisha zinakuambia "bei halali" ya hisa ni shilingi ngapi. Bei ya sokoni ikiwa chini ya hapo, inawaka kijani: nunua. Chama kimoja kilikuwa tayari kutoa pesa za mbolea ya msimu ujao kwa sababu ya hiyo rangi ya kijani.

Maoni yangu ni haya: programu ni bora kuliko uvumi wa sokoni, lakini usiifuate mpaka ikuonyeshe imekisia faida itakua kwa kiasi gani.

Ukinunua ng'ombe wa maziwa huangalii pembe. Unauliza anatoa lita ngapi, anakula nini na atakamuliwa miaka mingapi. Hisa ni vivyo hivyo: unanunua kipande cha faida ya miaka ijayo. Programu huchukua faida ya kampuni, huigawa kwa idadi ya hisa, halafu hukisia faida hiyo itakua vipi. Kugawa ni hesabu. Kukisia ni kukisia tu, hata kukifanywa na kompyuta.

Chukua kalamu. Tuseme hisa moja itakupa shilingi 1 mwaka ujao, na unataka pesa yako ikuzalie asilimia 12 kwa mwaka.

- Faida isipokua kamwe: gawa 1 kwa 0.12. Hisa ina thamani ya kama shilingi 8.30.
- Ikikua asilimia 4 kila mwaka: toa 4 kwenye 12, gawa 1 kwa 0.08. Shilingi 12.50.
- Ikikua asilimia 8: gawa 1 kwa 0.04. Shilingi 25.

Kampuni ni ileile na taarifa ni zilezile. Tarakimu moja iliyofichwa imefanya bei iwe mara tatu.

Wengi wenu mnakumbuka hisa za Safaricom mwaka 2008. Ziliuzwa shilingi 5, na Wakenya zaidi ya 800,000 waliomba, wengine kwa mkopo wa benki. Hisa zote zilikuwa kama bilioni 40, kwa hiyo kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa karibu bilioni 14. Yaani kila shilingi ya faida ililipiwa shilingi 14 hivi. Bei hiyo haikuwa ya wazimu, mradi faida ikue. Mwaka uliofuata faida ilishuka hadi kama bilioni 10.5, na mapema 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekuwa na mkopo wa kulipa aliuza kwa hasara. Aliyekuwa na pesa isiyo na haraka alingoja, na mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40.

Jambo jingine: Marekani, kampuni huwasilisha taarifa zao serikalini kwa mfumo ambao kompyuta inausoma moja kwa moja. Kwetu nyingi hutoka kama kurasa za gazeti na faili za PDF. Tarakimu zikinakiliwa vibaya, maelfu yakasomwa kama mamilioni, jibu lote limeharibika.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Pateni taarifa ya mwaka ya kampuni kwenye tovuti yake. Ni bure.
2. Linganisheni na programu mambo matatu: faida baada ya kodi, idadi ya hisa na madeni. Moja likikosana, acheni.
3. Someni ukurasa wa mtiririko wa fedha. Mwenye duka anajua: daftari linaweza kuonyesha faida huku droo ni tupu kwa sababu umekopesha kijiji kizima. Kampuni nayo inaweza kuwa hivyo.
4. Wekeni ukuaji sifuri kwenye programu. Ikibaki kijani, endeleeni kuichunguza. Kama haikuruhusu kubadilisha ukuaji, iondoe kwenye simu.
5. Mkiamua kununua, pitieni kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, si kwa mtu aliyewauzia programu.

Kuna watakaosema nawazuia wakulima wasitajirike. La. Mkulima ana haki ya kumiliki kipande cha kampuni inayomuuzia mbegu au muda wa maongezi. Lakini anunue kwa pesa ambayo inaweza kukaa miaka mitano bila kuguswa. Pesa ya mbolea ina tarehe yake. Mvua ikianza kunyesha utalazimika kuuza hisa kwa bei yoyote utakayoikuta siku hiyo, na hakuna programu inayoijua bei hiyo leo.

Kile chama nilikiambia kinunue mbolea kwanza. Baada ya mavuno, kikiwa na akiba, tutakaa pamoja na taarifa ya kampuni mezani tupige hesabu.